Vihisi vya Gesi Vyenye Muundo wa Nano: Hewa ya Maduara, Majiko na Wodi za Katavi

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake zaidi ya watu milioni 1.1. Sehemu kubwa ya wakazi hao huishi kwa mahindi, mpunga na tumbaku. Wengine huishi kwa uchimbaji mdogo wa dhahabu katika maeneo kama Ibindi na Dirifu. Na jioni inapoingia, kuanzia Mpanda mjini hadi Katumba na Mishamo, vyungu vingi huiva kwa kuni au kwa mkaa wa miombo. Shughuli hizi hazifanani, lakini hewa inayozizunguka ina hatari ya namna moja. Kaboni monoksaidi itokayo kwenye jiko la mkaa haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Mvuke wa zebaki unaopanda dhahabu inapochomwa nao haunuki. Aliyevuta gesi hizo hana namna ya kujua kwa pua yake kwamba amezivuta, na mara nyingi mhudumu wa afya anayempokea hana namna ya kujua kwa vifaa alivyozoea kuvitumia.

Kwa zaidi ya miaka 60 wanasayansi wamekuwa wakitengeneza vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyotambua gesi na kugeuza uwepo wake kuwa umeme unaoweza kupimwa. Katika miongo ya karibuni vihisi hivyo vimepata nguvu mpya kutokana na vitu vyenye muundo wa nano, ambavyo chembe zake ni ndogo kuliko bakteria. Makala haya yanaeleza jinsi vinavyofanya kazi, na hasa mambo ambayo mchimbaji, mama mwenye nyumba na mhudumu wa zahanati wanaweza kuyategemea katika vifaa hivyo na yale wasiyopaswa kuyategemea.

Mkaa uliokwisha moshi

Iko imani iliyoenea kwamba mkaa ukishakolea na moshi kwisha, jiko ni salama kuingizwa ndani. Katavi mvua huanza mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo majiko mengi huhamia vyumbani, kwa kupikia na kwa kuota moto. Ni kweli kwamba moshi unapokwisha macho hayawashi tena na kikohozi hupungua. Lakini moshi unaoonekana ni masizi na mivuke ya kuni ambayo haijaungua vizuri. Kaboni monoksaidi ni jambo jingine. Hewa inapopita chini ya makaa mekundu, kaboni huungua na kuwa kabonidioksaidi. Gesi hiyo inapopanda katikati ya makaa yenye moto mkali hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya jiko lililokolea ndiyo gesi hiyo inayoungua. Katika chumba kilichofungwa, ambako hewa safi haiingii ya kutosha, sehemu yake haiungui bali husambaa chumbani. Kwa hiyo jiko lisilotoa moshi hata kidogo linaweza kuwa ndilo la hatari zaidi.

Ndani ya mwili gesi hiyo huvamia himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Himoglobini huishika kaboni monoksaidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, na ndiyo maana kiasi kidogo hewani hutosha kuleta madhara. Ikiwa katika kila sehemu milioni za hewa zimo sehemu 200 za kaboni monoksaidi, maumivu ya kichwa huanza baada ya takribani saa mbili hadi tatu. Zikiwa 800, kizunguzungu na kichefuchefu huja ndani ya dakika 45 hivi, na mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya saa mbili. Zikifika 1,600, maisha huwa hatarini ndani ya saa moja. Sehemu 1,600 kwa milioni hazifiki hata theluthi moja ya asilimia moja ya hewa.

Tarakimu hizo zinaeleza pia hatari ya njia moja iliyozoeleka machimboni. Wachimbaji wengi kabla ya kushuka katika duara hushusha kwanza mshumaa au taa ya moto. Ukiendelea kuwaka, hewa huhesabiwa kuwa nzuri. Kipimo hiki ni cha kweli kwa jambo moja tu, upungufu wa oksijeni. Mshumaa huzimika oksijeni inaposhuka kutoka kiwango cha kawaida cha karibu asilimia 21 hadi kama asilimia 16. Katika duara lenye sehemu 1,600 za kaboni monoksaidi kwa milioni, oksijeni haijapungua kwa kiasi cha kuusumbua mwali, hivyo mshumaa utawaka vizuri mbele ya mtu anayekufa. Gesi hiyo hutoka wapi chini ya ardhi? Hutoka kwenye moshi wa baruti baada ya kulipua mwamba, na hutoka kwenye injini ya petroli ya pampu ya maji inaposhushwa ndani ili kuvuta maji ya msimu wa mvua. Injini ndogo ndani ya shimo lenye mdomo mmoja hujaza hewa hiyo kwa muda mfupi sana. Wanaolinda moto wa mabani ya tumbaku usiku nao wamo hatarini, iwapo hulala katika kibanda kilichofungwa wakiwa na makaa ya kujipatia joto.

Wachimbaji wa nchi nyingine walipitia njia hiyohiyo kabla ya kupata vifaa. Katika miaka ya 1890 mwanafiziolojia wa Uskoti, John Scott Haldane, alichunguza vifo katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Aliona kwamba wengi wa waliokufa hawakuuawa na mlipuko wenyewe bali na kaboni monoksaidi iliyoufuata. Alishauri wachimbaji washuke na wanyama wadogo, na ndege waitwao kanari wakatumika kwa miaka mingi, kwa kuwa hupumua kwa kasi na huanguka kabla binadamu hajalemewa. Migodi ya Uingereza iliwastaafisha ndege hao mwaka 1986 na kuweka vihisi mahali pao.

Punje za nanomita sita

Kihisi cha kwanza cha aina inayouzwa sana leo kilibuniwa Japani. Katika miaka ya 1960 gesi ya mitungi ilikuwa ikienea katika nyumba za nchi hiyo, pamoja na milipuko yake. Mwaka 1962 Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kihisi kilichotengenezwa kwa oksidi ya metali, na oksidi ya bati ndiyo iliyokuja kutawala kazi hiyo. Bati linalosemwa hapa si bati la kuezekea, bali ni metali laini iliyomo katika risasi ya kulehemu.

Oksidi ya bati ni nusukipitishi: hupitisha umeme, lakini si kwa urahisi kama waya wa shaba. Ikipashwa joto la kati ya nyuzi 200 na 400 za Selsiasi, oksijeni ya hewani hujibandika juu ya uso wake na kuzinasa elektroni zilizo karibu na uso huo. Elektroni ndizo zinazobeba umeme. Zikinaswa, umeme hupita kwa shida, na ukinzani wa kihisi huwa mkubwa. Inapotokea kaboni monoksaidi, gesi hiyo huichukua ile oksijeni iliyojibandika na kuwa kabonidioksaidi. Elektroni zilizonaswa hurudi ndani ya oksidi, na ukinzani hushuka. Saketi ndogo husoma mshuko huo na kupiga king'ora. Hakuna kinachoonjwa wala kunuswa. Kinachopimwa ni urahisi wa umeme kupita.

Udogo wa chembe unahitajika kwa sababu oksijeni iliyo juu ya uso haina nguvu ya kuzinasa elektroni zote. Huzifikia zile tu zilizo katika tabaka lenye kina cha takribani nanomita tatu. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Katika punje kubwa ya oksidi, tabaka hilo ni kama ganda jembamba la chungwa: ganda hubadilika gesi inapokuja, lakini nyama yote ya ndani hubaki ilivyo na kuendelea kupitisha umeme kana kwamba hakuna kilichotokea. Punje ikipunguzwa hadi kufikia kipenyo cha nanomita sita, ganda la upande mmoja hukutana na ganda la upande wa pili, na punje nzima huitikia gesi. Mwaka 1991 kundi la Noboru Yamazoe wa Chuo Kikuu cha Kyushu lilionyesha kwa vipimo kwamba usikivu wa oksidi ya bati hupanda ghafla punje zinapokaribia ukubwa huo. Sehemu kubwa ya kazi iliyofuata kuhusu nyuzi, mirija na karatasi za nano za oksidi ya bati, zinki au tungsteni imejengwa juu ya ugunduzi huo.

Sababu ya pili ni eneo la uso. Gramu moja ya oksidi ya bati ikiwa katika mchemraba mmoja ina uso usiofika sentimita mbili za mraba, kama ukucha wa kidole gumba. Gramu hiyohiyo ikisagwa kuwa punje za nanomita sita ina uso wa zaidi ya mita 100 za mraba, ambao ni karibu sakafu ya madarasa mawili. Kadiri uso unavyokuwa mpana, ndivyo molekuli chache za gesi zinavyopata mahali pa kugusa na kuonekana.

Vipo vihisi vya aina nyingine, na kwa ving'ora vya majumbani vya kaboni monoksaidi ndivyo vinavyotumika zaidi. Hivi ni vya kikemia-umeme, na hufanya kazi kama betri ndogo: kaboni monoksaidi inapofika kwenye elektrodi hugeuzwa kuwa kabonidioksaidi, na kila molekuli huachia elektroni mbili zinazohesabiwa. Ndani yake nako nano imo, kwani kichocheo cha kemia hiyo kwa kawaida ni chembechembe ndogo mno za platini zilizotandazwa juu ya kaboni. Platini ni ghali, na ikisagwa hivyo kidogo hutosha. Aina hii haihitaji kupashwa moto, hivyo betri yake hudumu kwa miaka. Kwa mkoa ambao vijiji vyake vingi hutegemea sola ndogo, tofauti hiyo ni kubwa. Kihisi cha oksidi ya metali kinahitaji umeme wa kupasha moto mfululizo, na betri ndogo huisha upesi.

Namna ya kusikiliza king'ora

Katika maduka ya vifaa vya elektroniki, na kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, hupatikana vihisi vya bei nafuu vya oksidi ya bati, kama vile MQ-7 kwa kaboni monoksaidi na MQ-6 kwa gesi ya mitungi. Ni vifaa vizuri vya kujifunzia. Havifai kuachiwa maisha ya mtu. Kihisi kinachouzwa peke yake hakijalinganishwa na gesi ya kipimo kinachojulikana. Usomaji wake huyumba kwa joto na unyevu wa hewa, na hewa ya Katavi hubadilika sana kati ya vumbi la Septemba na mvua za Januari. Tena hakichagui vizuri. Spiriti ya kusafishia ngozi katika chumba cha sindano, manukato, pombe inayochachuka, hata mvuke wa mafuta jikoni, vyote vinaweza kukishtua. Mivuke ya silikoni, iliyomo katika baadhi ya gundi na vinyunyizio, hukifunika uso na kukiua polepole bila dalili. Kinachofaa kulinda usingizi wa watu ni king'ora kamili, kilichopimwa na kutengenezwa kwa kufuata kiwango kinachotambulika.

King'ora cha namna hiyo huwashangaza wengi kwa kuchelewa kwake. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291, sehemu 30 za kaboni monoksaidi kwa milioni hazipaswi kukipigisha kelele kabla ya dakika 120. Sehemu 50 hukipigisha kati ya dakika 60 na 90, sehemu 100 kati ya dakika 10 na 40, na sehemu 300 ndani ya dakika tatu. Huo si uvivu wa kifaa. Damu nayo hujaa polepole, na king'ora kimeundwa kufuata kasi ya damu ili kisipige kelele kila jiko linapopita mlangoni. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linashauri hewa ya ndani isizidi miligramu 35 za kaboni monoksaidi kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa moja, yaani karibu sehemu 30 kwa milioni, na miligramu 10 kwa wastani wa saa nane, yaani karibu sehemu 9. Nyumba inayokaa chini kidogo ya kiwango cha king'ora bado inaweza kuwa juu ya ushauri huo. Kwa hiyo kimya cha king'ora hakimaanishi hewa safi. Kinamaanisha kwamba hakuna hatari ya kifo cha haraka, na kwa mjamzito au mgonjwa wa moyo tofauti hiyo ina uzito.

Kwa matumizi ya machimboni king'ora cha ukutani hakitoshi. Kinachohitajika ni kipimo cha kubebwa chenye vihisi vinne: oksijeni, kaboni monoksaidi, salfidi ya hidrojeni na gesi zinazowaka. Hushushwa kwa kamba hadi chini kabla ya mtu, husubiriwa dakika chache, kisha husomwa. Kifaa hicho ni ghali kwa mchimbaji mmoja, lakini kikundi kinachomiliki karasha na pampu kinaweza kukimudu kwa pamoja. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi na ofisi za madini za mkoa ndizo mahali pa kuulizia aina inayofaa. Sharti moja halihitaji kifaa chochote: mwenzake akianguka chini, mchimbaji aliye juu asishuke kumfuata kabla hewa haijapulizwa na kupimwa. Katika mashimo yenye gesi anayeshuka kuokoa mara nyingi huwa maiti wa pili.

Na mama mwenye jiko moja la mkaa hahitaji kungoja teknolojia. Jiko likae nje au chini ya paa lisilo na kuta, na lisilale na watu. Fedha ya king'ora itumike kwanza pale ambapo moto hauwezi kuondolewa.

Zahanati, na kidole kinachodanganya

Mgonjwa aliyevuta kaboni monoksaidi hufika na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa. Katika mkoa wenye malaria nyingi, orodha hiyo ina jina tayari. Tena kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kutoka chanya kwa mtu ambaye tatizo lake la usiku huo ni jiko, kwa kuwa vyote viwili huweza kuwa katika mwili mmoja. Tofauti hupatikana kwa kuuliza zaidi ya kupima. Je, kuna wengine wa nyumba hiyohiyo wanaoumwa kichwa leo? Je, nafuu ilianza alipotoka nje? Je, palikuwa na jiko, jenereta au pampu? Je, ana homa? Familia nzima iliyoamka na kichwa kizito bila homa, baada ya usiku wa mvua, ichukuliwe kuwa imevuta gesi mpaka ithibitike vinginevyo.

Hapa kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kinaweza kumpotosha hata mhudumu makini. Kifaa hicho hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho, kisha hulinganisha jinsi damu inavyovimeza. Himoglobini iliyobeba kaboni monoksaidi huumeza mwanga mwekundu karibu sawa na ile iliyobeba oksijeni. Kifaa hakioni tofauti, na huonyesha asilimia 97 au 98 kwa mtu ambaye theluthi ya himoglobini yake imetekwa. Ngozi yake nayo haibadiliki rangi kuwa ya bluu. Usomaji mzuri wa kidole kwa mgonjwa wa namna hiyo usimnyime oksijeni.

Oksijeni ndiyo dawa. Mtu akibaki katika hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksaidi iliyo katika damu yake huondoka kwa saa nne hadi tano. Akipewa oksijeni tupu, muda huo hushuka hadi saa moja hadi saa moja na nusu. Hutolewa kwa kinyago chenye mfuko, kwa lita 10 hadi 15 kwa dakika, mapema bila kungoja vipimo. Mashine ya kuchuja oksijeni ya lita tano haifikishi kiwango hicho, lakini ni bora kuliko kusubiri, na itumike huku rufaa ikiandaliwa. Mjamzito apewe oksijeni kwa muda mrefu zaidi, kwani damu ya kichanga aliye tumboni huishikilia gesi hiyo kwa muda mrefu kuliko ya mama, na mama anaweza kujisikia vizuri mtoto akiwa bado hatarini. Wote waambiwe warudi kliniki: upungufu wa kumbukumbu, mabadiliko ya tabia au mwendo usio thabiti vinaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, na ndugu ndio huviona kwanza.

Kihisi cha gesi kinaweza kumsaidia mhudumu mahali ambapo kidole kinashindwa. Vipo vipimo vidogo vya pumzi, vyenye kihisi cha kikemia-umeme, vinavyotumika katika kliniki za kuacha sigara. Mgonjwa hushikilia pumzi kwa sekunde chache kisha hupuliza, na kiasi cha kaboni monoksaidi katika pumzi hukadiria kiasi kilichomo katika damu; kwa makadirio, sehemu sita kwa milioni katika pumzi zinalingana na asilimia moja ya himoglobini iliyotekwa. Mvutaji wa sigara huwa na kiwango cha juu hata bila jiko, na aliyepoteza fahamu hawezi kupuliza. Pamoja na mapungufu hayo, miongoni mwa vihisi vyote vilivyotajwa hiki ndicho ambacho zahanati iliyo karibu na machimbo ingepaswa kukifikiria kwanza.

Dhahabu inayonasa zebaki

Kwenye mialo, baada ya mawe kusagwa katika makarasha na kuoshwa, zebaki huchanganywa na mchanga ili ikamate dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, zebaki huruka kuwa mvuke, na dhahabu hubaki. Kazi hii hufanyika mara nyingi kwa moto wa mkaa, wakati mwingine nyuma ya nyumba, na watoto wakiwa karibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu moja ya mvuke wa zebaki kwa mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Hewa ya nyuzi 20 iliyojaa mvuke wa zebaki kwa kadiri inavyoweza kuubeba ina zaidi ya mikrogramu 13,000. Chupa ya zebaki iliyoachwa wazi chumbani, bila moto wowote, inatosha kuvuka mwongozo huo kwa mbali.

Kihisi kinachotambua mvuke huo hutumia tabia ileile inayoifanya zebaki ipendwe machimboni: hushikamana na dhahabu. Ndani ya kifaa kuna utando mwembamba mno wa dhahabu. Zebaki ikitua juu yake, ukinzani wa utando hubadilika, na mabadiliko hayo husomwa kama kiasi cha zebaki hewani. Baada ya muda utando hupashwa moto, zebaki hufukuzwa, na kipimo huanza upya. Kwa hiyo kihisi hicho hurudia, kwa kiasi kidogo mno, kazi anayoifanya mchimbaji kwenye mwalo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo kuzuia uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi. Kipimo cha hewa kinaweza kuonyesha ni nyumba zipi zimechafuka, hata miezi kadhaa baada ya uchomaji kukoma, kwa kuwa zebaki hujificha katika sakafu ya udongo, nyuzi za magodoro na nguo za kazi. Hakiwezi kusema ni kiasi gani kimo mwilini. Hilo hupimwa kwa mkojo. Mhudumu anayemwona mchimbaji au mke wake akiwa na mikono inayotetemeka, fizi zinazovimba, hasira zisizo na sababu au protini katika mkojo, aulize ni nani huchoma dhahabu na huchomea wapi. Chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke hurudisha sehemu kubwa ya zebaki kwa mwenyewe, na kwa mchimbaji hoja hiyo ya akiba mara nyingi husikika kuliko ya figo.

Mitungi inayokuja

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya gesi imeanza kuonekana Mpanda mahali ambapo zamani palikuwa na gunia la mkaa. Kwa mapafu hiyo ni habari njema. Kwa moto, ni jambo jipya la kujifunza. Gesi ya mitungi, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutandaa sakafuni, na ikifika takribani asilimia mbili ya hewa cheche yoyote huilipua. Kihisi chake kiwekwe chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Gesi asilia ya mabomba inayotumika katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam ni nyepesi, na kihisi chake huwekwa karibu na dari; ndugu aliyetoka huko asije akaelekeza vibaya. Gesi ya mitungi hutiwa harufu makusudi, kwa hiyo pua bado inafaa. King'ora kikilia au harufu ikisikika, valvu ifungwe, milango ifunguliwe, na swichi ya taa isiguswe, si kwa kuwasha wala kwa kuzima.

Kuhusu kupima magonjwa kwa pumzi, matumaini ni makubwa kuliko vifaa vilivyo tayari. Oksidi ya tungsteni ya nano inaweza kutambua asetoni katika pumzi ya mgonjwa wa kisukari, lakini glukomita haijapata mbadala. Oksidi ya naitrojeni katika pumzi ya mwenye pumu hupimwa katika hospitali kadhaa duniani. Hapa nchini pua mashuhuri kuliko zote bado ni ya panya buku wa shirika la APOPO, wanaofunzwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kunusa kifua kikuu katika makohozi. Wanachokionyesha huthibitishwa maabara kabla ya mgonjwa kuanza dawa.

Utunzaji wa king'ora ni mdogo, ila husahaulika. Kitufe cha majaribio huthibitisha kwamba betri na kelele vipo, hakithibitishi kwamba kihisi kinanusa. Vipimo vya machimboni hujaribiwa kwa gesi ya kiwango kinachojulikana kabla ya kazi. Kisisafishwe kwa spiriti wala dawa ya kunyunyizia mbu, na kisiwekwe juu ya jiko ambako mvuke utakilowesha. Nyuma yake pameandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi, mara nyingi miaka mitano hadi kumi tangu kutengenezwa, kwani kemia iliyomo ndani huchoka hata kisipowahi kulia. Tarehe hiyo ikipita huondolewa ukutani, hata kama taa yake ya kijani bado inawaka.